Chakula Kipo, Lishe Je? Risala ya Kikundi Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu viongozi wa kata na vijiji,
Wazee wetu, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana,

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki katika miaka hii kumi tunawaombea wapumzike kwa amani. Na wewe Mgeni Rasmi tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kwetu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi leo tunayo ya kuponywa.

Ndugu Mgeni Rasmi, hesabu za hisa na mikopo mweka hazina ameshazieleza, nazo zimo humu kijitabuni. Risala hii tumeamua iwe na jambo moja tu: lishe ya watoto wetu na ya mama wajawazito. Pengine mtu atauliza, hawa ni watu wa kuweka na kukopa, lishe inawahusu nini? Inatuhusu. Kila tunapofungua sanduku letu, ile mikopo midogo midogo isiyokosa ni ya chakula, au ya kumpeleka mtoto zahanati. Mtoto asiyelishwa vizuri huugua mara kwa mara, na mtoto akiugua mama hafanyi biashara, na mama asipofanya biashara hisa hazinunuliwi. Basi tukizungumza lishe tunazungumza sanduku hili hili.

Jamani, tuseme ukweli. Sisi wa delta na Kibiti hatuna haki ya kusema nchi yetu ni kavu. Mto Rufiji tunao. Kamba, kaa, dagaa na samaki tunao. Mpunga, muhogo, nazi, korosho na maembe tunavyo. Kisamvu, matembele, mchicha na majani ya kunde viko nyuma ya nyumba. Lakini kamba hupakiwa kwenye barafu wakaenda mjini, na mtoto wa mvuvi akabaki na ugali na mchuzi wa chumvi. Penye miti hapana wajenzi.

Ndugu Mgeni Rasmi, Serikali yetu haikulala katika jambo hili. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria mwaka 1973. Sera ya Chakula na Lishe ilitoka mwaka 1992. Mwaka 1994 zikaja kanuni za kutia madini joto kwenye chumvi, na mwaka 2011 kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Watoto hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Tangu 2016 upo mpango jumuishi wa kitaifa unaozihusisha afya, kilimo, elimu, maji na maendeleo ya jamii kwa pamoja. Na Septemba 2022 wakuu wa mikoa walitia saini mikataba ya lishe mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan.

Matunda yapo. Mwaka 1992 karibu nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta ni 30 katika kila 100. Hayo ni maendeleo, tupige makofi. Lakini watatu katika kumi bado ni wengi mno, maana mtoto aliyedumaa katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili, ni vigumu sana kuurudisha urefu alioukosa, na akili yake darasani huathirika pia.

Sasa tuutazame mkoa wa Iringa, maana una somo kwetu. Iringa ni ghala la mahindi la nchi. Kule ndiko ulikoanza mwaka 1983 mpango mashuhuri wa lishe, katika vijiji 168, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Watoto walipimwa uzito kijijini penyewe, kamati ya kijiji ikakaa ikajiuliza kwa nini huyu amepungua, kisha ikatenda kwa uwezo uliopo. Walikuta mara nyingi tatizo si ghala tupu. Mama yuko shamba kutwa nzima, na mtoto anakula mara mbili tu. Utapiamlo ukapungua, hata nchi nyingine zikaja kujifunza. Lakini utafiti ule ule wa 2022 ulikuta Iringa ndiyo inayoongoza nchini kwa udumavu, watoto 57 katika 100! Mnaona ndugu zetu? Ghala kujaa hakutoshi. Na kazi nzuri ya zamani haimlishi mtoto aliyezaliwa jana. Lishe ni kama hisa, huwekwa kila wiki.

Na sisi wa huku tunao mfano wetu. Kuanzia mwaka 1997 wilaya ya Rufiji, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Kibiti yetu, ilikuwa moja ya wilaya mbili za mradi wa TEHIP. Wakuu wa afya wa wilaya waliwekewa mbele yao hesabu ya magonjwa yanayoua watu hasa, wakapanga fedha kuyafuata. Nyongeza ya fedha haikuwa kubwa. Lakini ndani ya miaka michache vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano Rufiji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Yaani shilingi ikipelekwa penye shida, inaonekana.

Ndugu Mgeni Rasmi, basi sera inakwama wapi? Kwa maoni yetu inakwama pahali pawili: kwenye maji na kwenye kalenda.

Kwenye maji, maana vijiji vya delta hufikiwa kwa boti na mtumbwi, na kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Unga wenye virutubishi ni wa viwanda vikubwa, wakati sisi tunasaga kwenye mashine ya kijijini au tunakula muhogo na wali. Chumvi nayo, wengi bado wananunua ile ya wazi ya hapa pwani bila kuuliza kama ina madini joto.

Kwenye kalenda, maana miezi mibaya kwetu ni Machi hadi Mei. Mpunga uko shambani, mama yuko kwenye dungu anafukuza nguruwe na ndege, mtoto yuko na bibi, na akiba ya ndani imekwisha. Mwaka 2024 mafuriko ya Aprili yakazamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti juu ya hayo. Nasi mgawo wetu tunaufanya mwisho wa mwaka, korosho zikishauzwa, wakati kila mtu ana chochote. Ikifika Aprili sanduku ni jepesi.

Hivyo basi, katika kuanza miaka kumi ya pili, mkutano mkuu umekubaliana haya:

Kwanza, sehemu ya mfuko wa jamii itafungiwa hadi Machi, iwe mkopo wa chakula usio na riba kwa mwanachama mjamzito au mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili.

Pili, tutanunua kwa pamoja chumvi yenye madini joto na kuigawa kwa bei ya jumla.

Tatu, tutafundishana kutengeneza kimea, jambo ambalo Taasisi ya Chakula na Lishe imelihimiza tangu miaka ya 1980. Mtama au ulezi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Uji mzito ukiiva, kijiko kimoja cha kimea huulegeza bila kuongeza maji, kisha unachemshwa tena. Mtoto anapata chakula kingi kwa tumbo lile lile dogo. Ukitia na dagaa waliotwangwa, hapo umemaliza.

Nne, siku ya kuuza kamba, kila mama atabakiza kibaba cha nyumbani kabla mnunuzi hajapima. Na akina baba mliopo hapa, hili linawahusu, msitazame pembeni.

Kwa upande wako Mgeni Rasmi, tunaomba mambo mawili. Serikali iliagiza kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Tunaomba taarifa ya fedha hizo isomwe kwenye mkutano wa kijiji, zilizopokelewa na zilizotumika, kama sisi tunavyosoma hesabu zetu mbele ya funguo tatu. Pili, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila robo mwaka, kwa visiwa vya delta ipangwe kwa kufuata bamvua, na mojawapo iangukie miezi ya dungu. Sisi tutaandaa orodha ya watoto wote, nyumba kwa nyumba, ili mtaalamu akishuka kwenye boti asipoteze muda kuwatafuta.

Haya hatuyaombi kama fadhila. Ni sera ya nchi yenyewe, nasi tunataka imalizie safari yake kwenye sufuria. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kwanza ni kipimo cha chakula.