Viti Vinne, Watu Watatu: Kuchagua Ndege Ndogo ya Mtumba kwa Safari za Mbali

Msafiri wa Probox kati ya Busia na Kisumu anajua kwamba idadi ya viti ni pendekezo tu. Gari la watu watano hubeba wanane, wawili kati yao wakiwa wamekunjwa kwenye buti pamoja na gunia la omena, na safari hufika. Mazoea hayo ndiyo hatari ya kwanza kwa wafanyabiashara wa mpakani wanaofikiria kuchanga pesa wanunue ndege ya mtumba ya viti vinne. Angani, mzigo uliozidi hauna wa kuongea naye.

Chukua Cessna 172, ndege ndogo iliyoundwa kwa wingi kuliko zote: zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950. Modeli N, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, inaruhusiwa kuruka na kilo 1,043. Ikiwa tupu huwa na kilo 650 hivi. Jaza matangi, lita 150, na hizo ni kilo 110 nyingine. Zinabaki takriban 280. Watu wazima wanne wa kilo 75 kila mmoja wameshazidi, na bado hakuna aliyeleta mkoba.

Halafu kuna joto. Busia iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Mchana wa nyuzi 30 hewa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege huruka kana kwamba iko mita 2,000. Uwanja wa Wilson, Nairobi, una mita 1,690, na Eldoret hupita 2,100. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, hivyo farasi 160 walioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji hubaki kama 120 pale Wilson jua likiwa kali. Na njia ya kutoka Busia kwenda Nairobi hupita juu ya Mau, ambayo sehemu zake zinazidi mita 3,000.

Ndiyo maana, kwa ukanda huu, Cessna 182 inastahili bei yake ya juu. Ina farasi 230, na nyingi za miaka ya 1970 hubeba kilo 500 hivi za mafuta, watu na mizigo. Hunywa lita 50 kwa saa wakati 172 hunywa 30, na hapo ndipo wanachama wa kikundi huanza kukohoa. Lakini 172 inayolazimika kupunguza mafuta ili ibebe watu wanne haitafika Malindi, karibu kilomita 780 kwa mstari ulionyooka, bila kutua njiani.

Mabishano haya ya viti na mafuta ni ya zamani. Beryl Markham, rubani aliyekulia Njoro, aliondoka Abingdon, Uingereza, tarehe 4 Septemba 1936 akielekea magharibi kuvuka Atlantiki. Ndege yake ilikuwa Percival Vega Gull, ya kitalii ya viti vinne, mali ya Carberry, mlowezi wa Kenya. Katika chumba cha abiria yalijazwa matangi ya ziada. Viti vinne vikawa kimoja, na hata hivyo alitua topeni huko Cape Breton, Kanada, baada ya mafuta kuacha kufika kwenye injini.

Aina ya mafuta nayo iulizwe kabla ya bei. Injini hizi za kawaida hutumia petroli ya ndege, ile ya rangi ya buluu, na viwanja vingi vya mikoani huweka mafuta ya jeti tu. Diamond DA40 yenye injini ya dizeli hutumia hayo ya jeti, nayo ni hoja nzito. Ila mnunuzi aulize ni nani atakayeitengeneza: kampuni ya Thielert, iliyounda injini zake za awali, ilifilisika mwaka 2008.

Muuzaji atasifia injini yenye saa chache. Asiaminiwe haraka. Katika injini nyingi za Lycoming kemshafti hukaa juu. Ndege ikiegeshwa kwa miezi, oili hushuka yote na kutu huanza. Lycoming hupendekeza injini ya aina hiyo ifunguliwe upya baada ya saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Fundi wa mnunuzi, asiyelipwa na muuzaji, akate chujio la oili na kulikunjua juu ya meza penye mwanga: chembe zinazometameta kwenye karatasi ile zinasema mengi kuliko rangi mpya ya mbawa. Achungulie pia mirija ya kupimia mwendo na matundu ya hewa ya matangi, maana manyigu hupenda kujenga humo kwa udongo.

Piper PA-28 huuzwa sana, lakini mbawa zake za chini na mlango mmoja haviendani na nyasi ndefu za viwanja vya vijijini. Aprili 2018, huko Daytona Beach, Florida, bawa la ndege moja ya jamii hiyo lilikatika angani kwa sababu ya ufa kwenye boriti yake. Baadaye mamlaka ya Marekani iliagiza nyingi zikaguliwe. Mnunuzi adai cheti cha ukaguzi huo.

Mwisho ni mpaka. Boda boda huvuka kwenda Uganda kwa dakika chache. Ndege haiwezi: lazima ipitie uwanja wenye forodha na uhamiaji. Kutoka Busia hadi Entebbe ni kilomita 190 hivi moja kwa moja. Ukianza kwa kutua Kisumu kugongewa mihuri, zinakuwa karibu 350.