Asinizike Mtani Wangu Mapema: Hotuba ya Nahodha wa Maveterani

Yafuatayo ni maneno ya nahodha wa timu ya maveterani wa kata, aliyoyatoa katika mkutano wa hadhara wa wakazi uliofanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, kabla ya mchezo wa mwisho wa mwaka dhidi ya maveterani wa kata ya jirani.

Watani wetu wa ng'ambo ya korongo, mmekuja kuhakikisha kwamba sisemi uongo.

Nimeombwa nieleze habari za michezo yetu na majirani hawa. Wengi mnatarajia nihesabu mabao. Nitayataja, kwa kuwa hata nikiyaficha wao watayatangaza. Lakini jambo lililonisimamisha hapa leo ni zito kuliko mabao, nalo linaihusu kila nyumba yenye mtu aliyevuka miaka arobaini.

Nianze na utani wenyewe. Nchi hii inaujua upinzani wa mpira kwa jina la heshima: watani wa jadi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936, ingawa jina la Simba ililichukua mwaka 1971. Wazee waliopo hapa wanayakumbuka mabao matano ya Yanga ya mwaka 1968 na mabao sita ya Simba ya mwaka 1977. Vijana nao wana ya kwao ya Novemba 2023. Mabao hayo yanasimuliwa sokoni, msibani na harusini, na hakuna anayeshitakiwa kwa kuyasimulia.

Lakini neno mtani ni la zamani kuliko mpira. Mnyamwezi na Mzaramo walitaniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani aliruhusiwa kukucheka, kukunyang'anya kofia na kukuita mwizi mbele ya wakwe zako. Siku ukifiwa, yeye ndiye aliyefika mapema, akachimba kaburi, akawachekesha wafiwa walipokuwa wamezidiwa na majonzi. Haki ya kukucheka ilifungamana na wajibu wa kukubeba. Naomba mlishike neno hilo, maana nitalirudia.

Sasa niwasimulie mchezo wa kwanza wa mwaka huu. Ulichezwa hapa hapa, saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali. Tulikuwa tukiongoza kwa bao moja. Kipindi cha pili kilipoanza, beki wetu wa kushoto, ambaye ni fundi cherehani na wengi wenu mmevaa nguo za mkono wake, alisimama ghafla akashika kifua. Nilimfokea. Niseme kweli mbele yenu: nilimfokea kwamba anatuchelewesha. Akaniambia, "Kaka, kifua kinabana," kisha akakaa chini. Jasho lilimtoka kama mtu aliyemwagiwa maji, na mwili wake ulikuwa baridi.

Yaliyofuata yalinifundisha jinsi tulivyokuwa hatujajiandaa. Mmoja alimmwagia maji kichwani. Mwingine alimnyoosha miguu akidhani ni mkazo wa misuli. Watazamaji walimzunguka mpaka akakosa hewa. Hatukuwa na machela. Lango la uwanja lilikuwa limezibwa na mbao za meza za biashara, na mwenye mbao hakujulikana aliko. Kila mtu alikuwa na simu mkononi, lakini hakuna aliyekuwa na namba ya zahanati.

Aliyetuokoa ni kipa wao, mwalimu mstaafu, ambaye kwa miaka mingi tumemwita mlango usio na komeo. Aliacha lango lake, akawafukuza watu, akamkalisha mgonjwa akimwegemeza kifuani pake, akamwambia, "Mtani, usiniachie kazi ya kuchimba kaburi lako, mgongo unaniuma." Kisha yeye na wenzake wanne wakambeba mikononi mpaka kwenye gari la mizigo lililokuwa limewaletea jezi. Zahanati ilimpokea, ikampa huduma ya kwanza na kumwandikia rufaa ya kwenda hospitali. Ndugu zangu, dakika zilizopotea siku ile zilipotea hapa uwanjani, mikononi mwetu sisi tuliojiita timu yake.

Fundi wetu yu hai. Yumo humu, ameketi chini ya mwembe ule. Hachezi tena, ndiye meneja wetu, na ni mkali kuliko nilivyokuwa mimi. Alipofika hospitali alielezwa kwamba moyo wake ulikosa damu ya kutosha, na kwamba alikuwa na shinikizo kubwa la damu, lile tunaloliita presha, pasipo kujua. Hakuwa na dalili aliyoitambua. Hajawahi kupimwa.

Hali hiyo si ya fundi peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo kubwa la damu hawajui kwamba wanalo. Ugonjwa huu haupigi hodi. Mtu anaweza kulima, kubeba magunia na kufunga mabao, huku mishipa ya moyo, ubongo na figo ikiharibika kidogo kidogo.

Na moyo hauchagui wazee tu. Mwaka 2003, Marc-Vivien Foé wa Kamerun, kijana wa miaka 28, alianguka uwanjani mjini Lyon nchini Ufaransa, akafariki. Mwaka 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akiichezea Bolton ya Uingereza, alianguka jijini London. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, lakini aliishi, kwa sababu waliomzunguka walijua la kufanya na walianza mara moja. Ikiwa vijana wanaotunzwa na madaktari wanaanguka, sisi tunaotoka dukani na shambani moja kwa moja hadi uwanjani tunajidai nini?

Baada ya tukio lile tulikaa na watani wetu, timu mbili chini ya mwembe mmoja, pamoja na muuguzi wa zahanati. Tulikubaliana mambo manne.

La kwanza, hakuna mchezaji atakayeingia uwanjani kabla ya kupimwa presha siku hiyo, akiwa ameketi na kupumzika. Muuguzi alitueleza kwamba kipimo huandikwa kwa namba mbili: ya juu ni ya moyo unaposukuma damu, na ya chini ni ya moyo unapopumzika. Mtu mzima akipimwa siku tofauti na kukutwa na 140 kwa 90 au zaidi, anahesabiwa kuwa na shinikizo kubwa. Sisi tuliweka sharti letu la uwanjani: atakayefika 160 kwa 100 hachezi mpaka aonwe na tabibu.

La pili, tulipunguza muda. Sheria za mpira wa miguu zenyewe zinaruhusu michezo ya maveterani kurekebishwa, ikiwamo muda wa kucheza, na aliyetoka kuruhusiwa kurudi uwanjani. Sasa tunacheza vipindi viwili vya dakika thelathini, tunaanza saa kumi na moja jua likipoa, na tunasimama kunywa maji.

La tatu, fedha tulizochanga kwa ajili ya jezi mpya tulinunulia machela na kipima presha. Ndiyo sababu mnatuona na jezi zilizopauka. Msitucheke, au tucheni, lakini mjue sababu.

La nne, njia ya gari kuingia uwanjani haitazibwa siku yoyote, na namba ya simu ya zahanati imepakwa rangi kwenye mlingoti wa lango la kusini.

Basi ikaja siku ya mchezo wa marudiano, huko kwao. Watani walikuwa wametutangulia kwa mchezo mmoja, maana ule wa kwanza haukumalizika, nasi tulikubali usihesabiwe. Nilikwenda nikiwa na hasira ya kufunga. Niliketi kwenye kiti cha kupimia wa kwanza kabisa, ili niwe mfano kwa wenzangu. Muuguzi alipima, akanyamaza, akaniambia nipumzike robo saa. Alipima tena. Ilikuwa 174 kwa 106.

Sitawaficha nilichofanya. Nilimwinamia nikamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, andika namba nyingine, hawa wakifahamu sichezi, tumekwisha." Mimi, niliyelipendekeza sharti lile mbele ya timu mbili. Yule binti, anayelingana na mwanangu wa pili, hakunipandishia sauti. Alisema, "Baba, namba hii si ya timu. Ni ya watu wanaokungoja nyumbani. Nenda ukakae kivulini."

Nikakaa. Aliyekuja kuketi kando yangu ni fundi cherehani. Hakunipa pole. Alisema, "Kaka, leo ni zamu yako kutuchelewesha." Nilistahili neno lile.

Tulifungwa mabao mawili kwa moja. Bao lao la pili lilitokana na mpira ambao, kwa majivuno yangu, naamini ningeuokoa. Watani waliimba mpaka magharibi kwamba nahodha ameikimbia vita. Nilirudi nyumbani na aibu, na usiku ule sikulala vizuri. Lakini Jumatatu nilikwenda zahanati. Nilipimwa siku tatu tofauti, na namba hazikushuka. Nilianzishiwa dawa. Nilielezwa kwamba presha yangu ingeweza kunipooza nikiwa hata sina mpira mguuni.

Leo ninakunywa dawa kila siku, hata siku ninayojisikia mzima. Tena hasa siku hiyo, kwa kuwa kujisikia mzima ndiko kulikonidanganya. Chumvi tumeipunguza nyumbani: mtu mzima hahitaji zaidi ya gramu tano kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyofichwa katika vyakula vya dukani. Chupa ya chumvi imeondoka mezani, na wajukuu wamezoea kabla yangu. Kila asubuhi natembea kwa mwendo wa haraka nusu saa. Tabibu ameniruhusu kucheza, kwa masharti.

Ndugu wananchi, nawaomba mambo matatu.

Kwanza, nendeni mkapimwe. Msisubiri maumivu. Kina mama, msiwaachie wanaume jambo hili mkadhani presha ni ugonjwa wa wenye matumbo makubwa. Huwapata wembamba pia, wanawake kwa wanaume. Kipimo chenyewe hakitoboi ngozi wala hakitoi damu.

Pili, zijueni dalili za moyo uliozidiwa: kifua kubana au kuuma, maumivu yanayokwenda mkononi, shingoni au kwenye taya, jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi kukatika. Mwenye dalili hizi asimamishwe kufanya lolote, aketishwe, na apelekwe kituo cha huduma mara moja. Na akianguka, asiitike wala kupumua kama kawaida, itwe huduma upesi, naye mmoja wenu aweke viganja viwili katikati ya kifua, mikono ikiwa imenyooka, abonyeze kwa nguvu hadi kina cha sentimita tano au sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakipokezana bila kukoma mpaka msaada ufike. Muuguzi wetu atawaonyesha leo, kwa vitendo, mara nitakaposhuka hapa.

Tatu, ulindeni uwanja huu na njia zake. Mwenye meza ya biashara tunamhitaji. Sisi ndio wateja wake. Lakini apange mbao zake pembeni ya lango. Siku ile tulihesabu kila ubao tuliouhamisha huku mtu anapoteza rangi.

Namalizia na watani wetu. Kwa miaka mingi nilidhani ninyi ni watu wa kushindwa au kutushinda. Nilikosea. Mtani ni yule anayekwita mzembe kipindi cha kwanza, kisha akakubeba kipindi cha pili. Mwalimu, kipa, nakushukuru mbele ya kata nzima. Nakuomba radhi kwa lile jina la mlango usio na komeo, ingawa sitaahidi kuliacha.

Mchezo unaanza saa kumi na moja. Asubuhi hii nimepimwa: 132 kwa 84. Namba hiyo nimeiandika kwenye karatasi na kuituma nyumbani kabla ya kuwaonyesha wachezaji wangu. Nitacheza kipindi cha kwanza tu, kwa agizo la tabibu, na ninakusudia kukitumia vizuri. Kwa hiyo, Mwalimu, funga komeo mapema.

Karibuni kwenye kiti cha kupimia, kisha karibuni uwanjani.