Pikipiki Ikilala Chini, Breki Kwanza, Abiria Baadaye

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vilivyo na pikipiki



Leo tumekuja na jambo ambalo wengi hulidharau. Si ile ajali kubwa ya kuita polisi. Ni ile pikipiki inayolala chini tu. Imeteleza matopeni ikienda polepole, au imeegeshwa penye mchanga, stendi ikazama, ikaanguka yenyewe. Kijana anaiinua, anapanguza vumbi, watu wanacheka kidogo, anapiga moto na kwenda kumchukua abiria aliyekuwa akimngoja. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Tunajua pikipiki ya kikundi haitakiwi kulala nyumbani. Inapeleka maziwa, inafikisha mama mjamzito kliniki, na pesa zake zinalipa mkopo. Lakini huyo mama anayepanda hajui kwamba pikipiki ilianguka saa moja iliyopita. Yeye anaamini kuna breki. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, pikipiki hupita mita 11 kila sekunde moja. Mtoto akitokea barabarani, hakuna nafasi ya kugundua kwamba breki haishiki.

Iliangukia upande gani?

Ukifika, uliza hilo kwanza. Kwenye pikipiki zetu, breki ya mbele hushikwa kwa mkono wa kulia, na ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Kushoto kuna klachi na gia. Kwa hiyo ikiangukia kulia, inaweza kuumiza breki zote mbili kwa mara moja. Ikiangukia kushoto msiseme mmepona, angalieni vilevile, maana usukani ukizunguka kwa nguvu unaweza kuvuta kebo.

Hatua za kufuata

1. Zima injini, funga koki ya petroli, iondoe pikipiki barabarani. Kama petroli imemwagika, asikaribie mtu mwenye sigara.

2. Tazama mkono wa breki ya mbele. Ikiwa kile kishikilio chake kimezunguka tu kwenye usukani, legeza skrubu, kirudishe mahali pake, kaza. Lakini ikiwa mkono wenyewe umepinda au una ufa, usiunyooshe kwa jiwe wala kwa bomba. Nyingi zimetengenezwa kwa aluminiamu, na ukiunyoosha hupata ufa usioonekana. Siku utakapoufinya kwa nguvu, ndiyo siku utakayovunjika. Nunua mwingine.

3. Ufinye mpaka mwisho. Usifike kugusa mpini wa kuongezea mafuta. Ukiuachilia, urudi wenyewe haraka. Sasa zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, huku ukijaribu breki. Kama inakaza upande mmoja na kulegea upande mwingine, kebo imebanwa au imetoka kwenye njia yake. Kebo yenye nyuzi zilizokatika, hata kama ni chache, ibadilishwe.

4. Inama uangalie pedali ya breki ya nyuma. Mara nyingi hupinda kwa ndani ikagusa injini, au chuma cha kuwekea mguu kinapinda na kuizuia isishuke. Mwingine akiona pedali haishiki vizuri, hukimbilia kukaza ile nati ya nyuma penye gurudumu. Hapana, jamani! Huko ni kuficha ugonjwa. Pedali inyooshwe na fundi kwanza, ndipo breki irekebishwe. Pikipiki nyingi za dramu hutaka pedali ishuke kama sentimita 2 au 3 kabla breki haijaanza kushika, lakini kitabu cha pikipiki yenu ndicho chenye neno la mwisho.

5. Isimamishe kwa stendi ya katikati, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. La mbele pia, mtu akilinyanyua. Lizunguke bila kukwaruza. Breki inayokwaruza hupata joto, na breki yenye joto kali hupoteza nguvu, hasa mkiteremka mlima na mzigo. Taa ya breki nayo iangaliwe: iwake unapokanyaga na izime unapoachilia.

Kama breki ni ya diski

Hizi zinatumia mafuta ya breki badala ya kebo. Tazameni kichupa kilicho kwenye usukani. Mafuta yakiwa yamevuja, au pikipiki imelala chini kwa muda huku kichupa kikiwa na mafuta kidogo, hewa inaweza kuingia ndani. Utaijua: ukifinya, mkono unakuwa laini kama sponji, na ukipampu mara kadhaa unakaza kidogo. Pikipiki hiyo isibebe mtu mpaka fundi aitoe hewa.

Na tafadhali, msiongeze mafuta ya injini humo, wala mafuta ya kupikia, wala maji ya sabuni. Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya ndani, na breki yote inaharibika. Tumieni aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Mkopo uliofunguliwa na kukaa wazi msiutumie tena, kwa sababu mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Pedi zikilowa oili hazishiki tena. Kuzipangusa kwa kitambaa hakutoshi, zibadilishwe.

Jaribio la mwisho

Sukuma pikipiki kwa miguu, finya breki ya mbele: gurudumu lisimame. Fanya vivyo hivyo na ya nyuma. Halafu mwendeshaji apande peke yake, aende polepole mahali tambarare pasipo na watu, asimame mara tatu au nne. Kama ilianguka kwenye maji, dramu huwa imelowa. Aende polepole huku akigusa breki kidogo kidogo mpaka ikauke. Usukani ukiwa umekaa upande na gurudumu halielekei unakoelekea, hiyo ni kazi ya fundi. Mambo yakiwa sawa, ndipo abiria aitwe.

Neno kwa kamati

Hayo yote huchukua dakika kumi. Mbona basi hayafanywi? Mara nyingi ni kwa sababu ya woga. Kikundi kikiwa na sheria kwamba pikipiki ikianguka mwendeshaji hulipa, basi haitaanguka kamwe, yaani hamtaambiwa. Kijana atanyoosha mkono wa breki kwa jiwe gizani, na asubuhi ataendelea na kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeweza kufa ni abiria.

Sisi tunawashauri hivi. Wekeni daftari la pikipiki, na kila anguko liandikwe: siku, upande, kilichokaguliwa. Anayeripoti asitozwe kwa kuripoti. Anayeficha ndiye aulizwe. Tengeni pesa kidogo kila wiki za kununulia mkono wa breki, kebo na breki shuu, mviweke nyumbani kwa mweka hazina. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo kuliko ya kutibu mguu uliovunjika.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Pikipiki yetu ilianguka lini mara ya mwisho, na nani aliikagua?
2. Sheria zetu zinamsaidia mwendeshaji kusema ukweli, au zinamfunza kuficha?
3. Nani kati yetu, zaidi ya mwendeshaji, anaweza kukagua breki? Akina mama wawili wakijifunza, je, si itakuwa afadhali?

Sasa twendeni nje, pikipiki iko pale, kila mmoja aishike breki kwa mkono wake.