Zamu ni Dhamana



Leo twataka kusema juu ya jambo la dakika chache ambalo laweza kuua mtu. Nalo ni kupokezana mgonjwa.

Nchi yetu hii ni ya milima na safari ndefu. Mama akizidiwa huko Endulen, huteremshwa kupitia Ngorongoro mpaka Karatu. Hali ikizidi kuwa mbaya, hupelekwa Hospitali ya Mount Meru, Arusha, au KCMC, Moshi. Huko kote hupita mikononi mwa watu wengi, na kila zamu inapobadilika hupokewa na mwingine tena.

Tuchukue mfano wa mama mwenye kifafa cha mimba. Kabla ya safari amechomwa sindano ya magnesiamu. Dawa hiyo huokoa, lakini ikizidi huzuia pumzi. Ikiwa barua ya rufaa haikutaja kiasi wala saa, anayempokea afanye nini? Akirudia, aweza kumdhuru. Asipompa, kifafa chaweza kurudi. Na pengine mama huyo hajui ila Kidatoga, na ndugu aliyemtafsiria amebaki nyumbani!

Wengine watasema wauguzi ni wachache na wamechoka. Ni kweli, na yapasa waongezwe. Lakini hata wakiwa mia, wasiposemezana hawatatufaa.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilihimiza hospitali ziwe na utaratibu mmoja wa makabidhiano. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba utaratibu wa namna hiyo, uliojaribiwa katika hospitali 9 za Marekani na Kanada, ulipunguza makosa ya matibabu kwa asilimia 23.

Utaratibu wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Anayekabidhi aseme na kuandika: mgonjwa ni nani na hali yake; amepewa nini, kiasi gani, saa ngapi; kazi gani imebaki; na hatari gani yahofiwa. Anayepokea arudie aliyoyasikia. Asiyeelewa aulize, hata kama anayeulizwa ni mganga mkuu. Mwuguzi kijana anayeogopa kuuliza hajawa huru, na mkubwa anayemkaripia amhatarisha mgonjwa.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Tuandamane na mgonjwa wetu, tutunze karatasi zake, tutafsiri kwa ukweli, na tuulize bila woga: "Wa zamu ijayo ameambiwa?"

Tukifanya hivyo, mama atafika Arusha yu hai.