Maua ya Kigeni Milimani: Subirini Mvua ya Nthwa

(Maelezo yaliyotolewa kwa vikundi vya wakulima na walimu wanaosimamia bustani za shule)



Mtu wa Kilungu akisafiri kwenda Nairobi mwezi wa Aprili, hurudi na miche ya maua. Mvua inanyesha, udongo ni laini, na mwenye kitalu kando ya barabara amemhakikishia kwamba ua hilo halina shida. Kufikia Septemba limekauka. Lawama humwangukia muuzaji, au mkono wa mpandaji kwamba hauna baraka. Mara nyingi kosa ni la kalenda.

Ukambani kuna mvua mbili: uua, ya Machi hadi Mei, na nthwa, ya Oktoba hadi Desemba. Sehemu nyingi za Kenya hutegemea ile ya Machi, na mashauri mengi ya bustani hufuata hiyo. Makueni na Kitui ni kinyume. Nthwa ndiyo ya kutegemewa zaidi. Uua huweza kukatika katikati bila taarifa.

Mche wa Aprili hupata wiki chache za mvua, kisha Juni baridi inaingia. Huko Kilungu na Mbooni ukungu huficha jua asubuhi nzima, na manyunyu hulowesha majani bila kufika kwenye mizizi. Mche unadumaa. Baada ya Agosti ukungu huondoka, jua na upepo hushika zamu hadi Oktoba, na mizizi bado haijashuka hata kiganja kimoja. Hapo ndipo mche hufa. Ule wa Novemba hukutana na joto na maji kwa pamoja. Ndiyo, Januari na Februari ni kavu, lakini ukifunikwa shina kwa nyasi kavu hustahimili, uua huuongezea nguvu, na baridi ya Juni huukuta umeshika ardhi.

Waridi ndilo husumbuliwa zaidi na Julai. Majani machanga huvaa unga mweupe, huo ni ubwiri unga. Yaliyokomaa hupata madoa meusi na kupukutika. Lipandwe mahali panapopata jua la asubuhi, kwa nafasi ya kupitisha upepo. Limwagiliwe asubuhi, chini kwenye shina, kamwe si juu ya majani jioni. Majani yenye ugonjwa yaokotwe na kuchomwa.

Bogenvilia, iliyotoka Amerika Kusini, haina neno kule Wote, Kibwezi au Mutomo. Milimani hutoa majani mengi na rangi kidogo, kwa sababu inakosa jua na inapewa maji kupita kiasi. Ipandwe kwenye ukuta unaotazama kaskazini, kwa kuwa Juni na Julai jua hupita upande huo, na ikishashika isimwagiliwe ovyo.

Haidrenja ya Asia ya Mashariki hupenda ukungu, na Kilungu huishi vizuri ikiwa kwenye kivuli chepesi. Ikinunuliwa ya waridi kisha ikachanua buluu, muuzaji hakudanganya: udongo wenye asidi huibadilisha rangi. Nyanda kavu za Kitui si mahali pake, na kuilazimisha huko ni kupoteza fedha.

Fedha si kitu pekee kinachopotea. Kuna nyumba ambako mtungi wa lita 20 hubebwa mgongoni kutoka kwenye bwawa la mchanga. Katika nyumba hiyo maua yapewe maji ya kuoshea mboga na kusuuzia vyombo, basi. Ua lisiloweza kuishi kwa hayo lisipandwe. Jerania ya Afrika Kusini huishi kwa kidogo, na tawi moja la jirani likikatwa na kuchomekwa ardhini hutoa mche bila gharama.

Jambo la mwisho ni mbuzi na watoto. Olianda, inayopandwa sana kwa sababu haiogopi kiangazi, ina sumu kuanzia jani hadi mzizi. Thevetia ya maua ya njano, ambayo wengi wameifanya ua wa boma, mbegu zake zinaweza kumwua mtoto. Lantana ililetwa kwa ajili ya urembo. Leo ndege husambaza mbegu zake malishoni, na ng'ombe wakiila huugua ini na ngozi. Shule zenye watoto wadogo ziing'oe mimea hii mitatu, na matawi yake yasitupwe penye mifugo.

Anayetaka kuanza mwaka huu achimbe mashimo Septemba, achanganye udongo na samadi iliyooza, kisha angoje. Mvua ya kwanza ya Oktoba isimharakishe, huenda ikanyesha siku mbili na kutoweka. Udongo ukiwa na unyevu hadi kwenye kiwiko cha mkono, mche uingie.