Hadithi za Picha Nazo Zataka Msomaji

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Tangini, Kibaha)



Nimepewa dakika chache nizungumzie usomaji. Nitasema habari za katuni, nami naanza kwa kuungama kosa.

Mwaka 1983 nilikuwa kiranja wa bweni. Usiku mmoja, saa za kujisomea, nilimkuta kijana wa kidato cha pili ameficha daftari ndani ya kitabu cha jiografia. Alikuwa amechora hadithi nzima, kisanduku baada ya kisanduku, ya utingo wa basi aliyetamani kuwa rubani. Nililichana daftari lile mbele ya wenzake, nikamwambia, "Hapa tumekuja kusoma." Hakulia. Aliokota vipande, akavitia mfukoni. Sikumwona akichora tena.

Aibu yangu ni kwamba chini ya godoro langu mwenyewe palikuwa na Sani.

Wazee wenzangu mnalikumbuka jarida hilo la Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, lililopewa jina kwa kuunganisha mianzo ya majina yao. Lilipita kitanda kwa kitanda mpaka jalada likang'oka. Tulimcheka Ndumilakuwili, tukamcheka Lodi Lofa, tukastaajabia mkono wa Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Kabla ya hapo baba zetu walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na jirani zetu wa Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Wapenda upelelezi walisoma hadithi za picha za kamera: Lance Spearman katika African Film, na Film Tanzania ya Faraji Katalambulla, mtunzi wa Simu ya Kifo.

Vijana, hizo zote si aina moja, wala hazisomwi namna moja. Kichekesho husomwa upesi, maana kicheko kinangoja mwishoni. Katuni ya siasa, kama zile za Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejiunga na Nation ya Nairobi mwaka 1992, mara nyingi ni picha moja tu. Usipojua habari za wiki ile huambulii kitu. Upelelezi huficha jambo pembeni mwa picha. Akimbiliaye maneno humpita mwizi. Na zipo za majonzi. Art Spiegelman wa Marekani alichora mateso ya baba yake chini ya Wanazi, Wayahudi akiwafanya panya na Wanazi paka. Kitabu hicho, Maus, kilipata tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Asemaye katuni ni za watoto hajakifungua.

Tena kati ya kisanduku na kisanduku pana nafasi nyeupe. Katika daftari lile, utingo alikuwa ananing'inia mlangoni mwa basi; katika kisanduku cha pili amekaa kando ya barabara, basi halipo. Kuanguka kwake hakukuchorwa. Nilikuona mimi, kichwani mwangu. Kama huko si kusoma, sijui kusoma ni nini.

Miaka mingi baadaye nilikutana na mwenzangu yule pale Maili Moja, nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Kaka, utingo wangu hakuwahi kufika kwenye ndege." Kila nipitapo kituo cha Picha ya Ndege, hapa jirani, maneno yale hunirudia.

Ndugu Mwalimu Mkuu, ombi langu ni rafu moja ya maktaba kwa vitabu vya namna hii. Nimekuja na nakala zangu chache kuianzishia. Nanyi viranja, mkikuta daftari limefichwa, lisomeni kwanza mpaka mwisho.