Asili ya Huruma katika Maumbile na Malezi ya Binadamu



Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander karibu na Nungwi, wavuvi walitoka na vyombo vyao kuwaokoa watu ambao wengi wao hawakuwajua kwa jina wala kwa nasaba. Na swali la mhadhara huu ni hili: nguvu imsukumayo mtu kuyabeba maumivu ya asiyekuwa wake imetoka wapi?

Mzizi wake wa kwanza, kwa kauli ya wataalamu wa maumbile, ni ulezi wa mama. Kila mnyama anyonyeshaye hana budi kuitambua njaa, baridi na khofu ya mwanawe, kwani wazazi wasioshtuliwa na kilio hawakubakiza kizazi. Na uwezo huo, ukishajengeka, haukomei kwa mtoto wa kumzaa. Huko Gombe, alikoanza kazi Jane Goodall mwaka 1960, maradhi ya mapafu yaliwaua sokwe kadhaa mwaka 1987, na mtoto mmoja aliyeitwa Mel, wa umri wa miaka 3 hivi, akabaki yatima. Akamchukua Spindle, dume kijana asiyekuwa na udugu wa karibu naye, akambeba mgongoni, akamgawia chakula na kumlaza katika kiota chake.

Hata hivyo, sokwe jike aghlabu hamwachii mwenziwe mtoto mchanga, ilhali binadamu tangu kale amelelewa na wengi. Miongoni mwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Kristen Hawkes na wenzake waliwashuhudia mabibi wakichimba mizizi kwa bidii ili wajukuu wapate kula. Naye Sarah Hrdy, katika kitabu chake cha mwaka 2009, ametoa hoja kwamba mtoto aliyewategemea walezi wengi ilimpasa azisome nyuso na nia zao, na kwa njia hiyo huruma ya insani ikapanuka.

Lakini kipaji hicho hakitimii kwa kuzaliwa tu. Mtoto mchanga hulia asikiapo mwenziwe akilia, naye hata mwaka wa pili ndipo aanzapo kumfariji. Mary Ainsworth, aliyewachunguza watoto katika vijiji vya Waganda mwaka 1954 na 1955, aliona kwamba yule ambaye mama yake huzifahamu ishara zake hupata utulivu, hata akathubutu kuondoka pajani na kuikagua dunia. Na nafsi iliyotulia ndiyo yenye nafasi ya kuyaona ya wengine.

Basi hapa kijijini kwetu Kiwengwa, ambapo mama huenda kwenye mwani au kazini hotelini, bibi, shangazi na jirani washikao mtoto wanaiendeleza kazi iliyotufanya watu. Na kila apangaye saa za kazi katika mahoteli ya pwani hii, au madarasa ya watoto wadogo, ni wajibu wake kuwahifadhia walezi hao wakati na heshima yao.